Usiulize "kuna karanga?"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina binti wa miaka minne. Alipokuwa na mwaka na nusu alionjeshwa kashata, midomo ikavimba na akatoka mabaka mwili mzima. Hospitali wakasema ana mzio wa karanga. Tangu siku hiyo karanga haingii kwangu. Mwezi uliopita nilisagisha unga wa uji, mahindi na ulezi tu, nimechambua kwa mkono wangu. Vijiko vitatu akaanza kukohoa, akatapika, uso ukavimba. Nikampa Piriton, akalala, akaamka mzima. Karanga imetoka wapi? Mama mkwe anasema nimemdekeza, ningemzoesha kidogo kidogo angeshapona. Mwezi wa kwanza anaanza chekechea. Na nina mdogo wake wa miezi mitano, naye nimnyime? – Mama wa watoto wawili, Morogoro.

JIBU: Marahaba mama, na pole sana kwa hekaheka. Nianze na lile linalokunyima usingizi: karanga imetoka mashineni.

Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini kabla ya kazi hii ya ushauri nilikaa miaka sita kwenye kiwanda kidogo cha unga wa lishe, na mashine za kusaga nimezisafisha kwa mikono yangu. Hebu kumbuka siku ile ulipofika na ndoo yako. Aliyekuwa mbele yako kwenye foleni alileta nini? Siku hizi mama mwenye mtoto mdogo akienda mashineni ujue anasagisha lishe: mahindi, mchele, ulezi, soya, na juu yake kilo moja au mbili za karanga. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Ikisagwa haitoki yote kama inavyotoka sembe, inanata. Inabaki kwenye chekeche, inabaki kwenye kuta za ndani, na zaidi ya kote inabaki kwenye kile kitambaa kirefu kinachofungwa mdomoni mwa mashine ili unga usipeperuke. Kitambaa hicho kwa kawaida hakifuliwi, kinakung'utwa tu. Kipapase siku moja. Kikiwa kimepitisha mahindi kinakwaruza mkono. Kikipitisha karanga kinateleza kama kimepakwa losheni. Sasa anayefuata kwenye foleni, mahindi yake yanakwangua yale mabaki yote na kuondoka nayo.

Utasema, hayo mabaki ni kiasi gani? Ni machache, na hapo ndipo mzio unapotofautiana na ulaji mwingine. Mwili wa binti yako unagombana na protini ya karanga, na karanga ni protini robo nzima. Wapo watoto wanaoshtuka kwa miligramu mbili tatu za protini hiyo, yaani ukichukua punje moja ya karanga ukaigawa vipande mia, kipande kimoja kinawatosha. Na usitegemee moto. Kuchemsha uji hakuiui protini hii mpaka iwe salama, na karanga iliyokaangwa ndiyo kali zaidi.

Kwa hiyo unga wa binti yako usiupitishe tena kwenye mashine inayosaga lishe. Wapo wanaokushauri utangulize kilo mbili za mahindi ya kuku zioshe njia, kisha upitishe ya kwako. Inapunguza, haimalizi, na mimi mtoto wa namna hii simpi kitu kilichopunguzwa. Tafuta mashine ya kukoboa na kusaga sembe peke yake, au saga nyumbani kwa blenda ambayo haijawahi kuona karanga. Au achana na unga kabisa siku nyingine: wali uliopondwa, viazi vitamu, ndizi, na protini itoke kwenye yai, dagaa au maharage. Mimi, niliyeuza lishe miaka sita, sioni haja ya kumsagia mtoto nafaka tano kwa mkupuo mmoja. Akiugua hutajua ni ipi iliyomdhuru.

Ukimaliza mashine, geukia kinu chako. Kama kimewahi kutwanga karanga za kuungia kisamvu, mti umeshakunywa mafuta yake na hauoshiki. Kitolee kwa jirani, nunua kingine na mchi wake. Mwiko wa mti vilevile. Sufuria na vijiko vya chuma havina neno, vioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona akina mama wengi wanaumizwa nalo, nalo ni namna ya kuuliza. Niliwahi kukaa kwa mama ntilie mmoja na rafiki yangu mwenye mzio kama wa binti yako. Tukauliza, "Kisamvu kina karanga?" Akajibu bila kusita, "Hakina, kaka." Bahati nilionja mimi kwanza. Karanga tupu! Nikamrudia. Akashangaa kwa dhati kabisa: "Hiyo si karanga, nimeweka ule unga wake kidogo tu, mchuzi uwe mzito." Hakutudanganya. Kwake yeye karanga ni zile za kutafuna, zinazouzwa kwenye karatasi. Ule unga ni kiungo tu, kama binzari.

Ndiyo maana nakwambia usiulize "kuna karanga?" Swali hilo jibu lake ni "hakuna", kwa sababu anayekujibu anataka ule, au anadhani unamtilia shaka chakula chake. Uliza, "Mboga hii umeiunga na nini?" Kisha nyamaza, umwache ahesabu mwenyewe: kitunguu, nyanya, nazi, halafu utamsikia akisema "na karanga kidogo". Uliza, "Mafuta haya mmekaangia nini kabla ya hizi chipsi?" Uliza, "Upawa huu ndio mnapakulia na ule mchicha?" Mchicha, kisamvu, matembele, mlenda wa Dodoma, vyote vinaungwa kwa nazi au kwa karanga, na ukishaviweka kwenye sahani rangi yake haikuambii ni ipi. Kwenye shughuli usimtazame mpishi mkuu, mtafute yule dada aliyekuwa anasaga viungo.

Na kama mna ndugu Nairobi au mtasafiri siku moja, maneno nayo yanageuka ukivuka mpaka. Kule "nyama karanga" ni nyama iliyokaangwa ikawekwa mchuzi, haina uhusiano na tunachokiongelea, na karanga zetu wenyewe wanaziita njugu. Sisi tukisikia njugu tunawaza njugu mawe. Nimeshuhudia mama wa Kitanzania akimkataza mwanawe nyama isiyo na kosa lolote, huku bakuli la njugu likipita mbele yake. Ukiwa ugenini mwonyeshe mpishi picha ya karanga kwenye simu, yaishe.

Kuhusu vya dukani. Kanuni za kimataifa za chakula ziitwazo Codex, ambazo viwango vya Afrika Mashariki vya lebo vimezifuata, zinataka chakula kilichofungashwa kitaje vyakula vinavyojulikana kwa kuleta mzio: karanga, ngano na ndugu zake, maziwa, mayai, samaki, kamba na jamii yake, korosho na lozi na wenzake. Kwetu tangu 2019 usimamizi wa chakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango. Lakini alama ya ubora kwenye pakiti inakwambia bidhaa imefikia kiwango chake, haikwambii haina karanga. Siagi ya karanga yenyewe ina alama hiyo. Kwenye pakiti za nje tafuta neno peanut, na usilipite groundnut wala arachis, kwani ni kitu kilekile, na arachis utalikuta hata kwenye baadhi ya mafuta ya kupaka. Ile sentensi ya onyo kwamba bidhaa imetengenezwa mahali panapotumika karanga, kiwanda kinaiandika kwa hiari. Ikiwepo, itii. Isipokuwepo, haijakuhakikishia chochote.

Na hapa nina la kuungama. Unga wa lishe unaouzwa kwenye nailoni na kikaratasi cha fotokopi ndani yake, soma kikaratasi hicho vizuri. "Viungo: mahindi, ulezi, mchele, soya, n.k." Lebo ya namna hiyo niliiandika mimi. Karatasi ilikuwa ndogo, tajiri alitaka jina la kampuni lionekane kubwa, nikaona "n.k." inatosha. Ndani ya hiyo n.k. kulikuwa na karanga asilimia kumi. Sikumfikiria mtoto kama wako hata kidogo. Ukikuta "n.k." kwenye orodha ya viungo, rudisha pakiti mezani. Si sisi tu: msichana wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki 2016 kwa mzio wa ufuta uliokuwa ndani ya unga wa mkate bila kuandikwa kwenye pakiti, na huko sheria ya kutaka viungo viandikwe kwenye chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa ilianza kutumika 2021.

Sasa Piriton. Mama, usikasirike nikisema siku ile mliponea chupuchupu. Kukohoa, kutapika na uso kuvimba kwa pamoja ndani ya dakika chache baada ya kula hakuishii kwenye ngozi. Mwili mzima umeshtuka, na ungeweza kuziba njia ya hewa au kushusha shinikizo la damu. Piriton inatuliza muwasho na mabaka. Haifungui koo, haipandishi shinikizo, na inachukua muda kuanza kazi. Tena inaleta usingizi, ukabaki hujui mtoto amelala au amezimia. Kupona kwake siku ile kulitokana na mwili kujirudi wenyewe. Mara nyingine hujirudi, mara nyingine haujirudi, na wepesi wa safari iliyopita haukwambii chochote kuhusu safari ijayo.

Dawa yenyewe ni adrenalini, sindano ya nyama kwenye paja upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 15 anapata 0.15, na hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15 kama hakuna nafuu. Nakuandikia hesabu hii uijue, si ili udunge bila kufundishwa. Zile kalamu maalumu za kujidunga ni adimu huku kwetu na ghali, lakini adrenalini ya chupa ndogo ni dawa muhimu ya kawaida kabisa. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe siku ya kawaida, mtoto akiwa mzima, uulize: mnayo adrenalini? Usiku yupo wa kuichoma? Kama jibu linasuasua, ujue mapema utakimbilia wapi. Daktari akuandikie karatasi yenye jina, uzito, mzio na dozi, itoe kopi tatu: moja kwenye pochi yako, moja shuleni, moja kwa mama mkwe.

Likitokea tena, asisimamishwe wala kutembezwa. Alazwe, miguu iinuliwe. Akihangaika kupumua mwache akae, akizimia au akitapika mlaze ubavu. Bodaboda si usafiri wa mtoto aliyelegea, chukua bajaji au teksi mumlaze. Usimtapishe kwa kidole. Na ule mtindo wetu wa kumnywesha maziwa mtu aliyekula kibaya hausaidii hapa, utampalia tu. Hospitali wakishamchoma, akae hapo saa kadhaa chini ya uangalizi hata kama anacheza, maana dalili huweza kurudi raundi ya pili.

Mama mkwe nimemweka hapa kwa makusudi, kwa sababu hajakosea yote. Upo utaratibu wa kweli wa kumzoesha mtoto karanga kidogo kidogo. Marekani iliidhinisha dawa ya unga wa karanga ya namna hiyo mwaka 2020. Lakini dozi inaanza chini ya miligramu moja, inapimwa, inapandishwa mbele ya daktari mwenye adrenalini mkononi, na wapo wanaoshindwa njiani. Kashata ya jikoni haina vipimo hivyo. Mwambie kwa adabu: "Mama, wazo lako hata madaktari wanalo, ila wao wanalifanyia hospitali." Nimeona linashusha joto kuliko ubishi. Mwelekeze pia kwamba wachache, kama mmoja kati ya watano, huachwa na mzio wa karanga wakikua, kwa hiyo apimwe upya baada ya miaka kadhaa. Hospitalini lakini.

Usije ukamnyima vingine kwa hofu. Nawajua akina mama waliotoa karanga, wakatoa yai, maziwa, samaki, mpaka mtoto akakonda. Korosho ni zao jingine kabisa na karanga, lakini wapo wenye mzio wa vyote viwili na muuzaji huchota kwa kikombe kimoja, kwa hiyo isubiri vipimo. Nazi kwa kawaida haina shida. Vipimo vya damu vinavyokuletea orodha ya vyakula arobaini "visivyokupatana" hifadhi fedha yako. Na siku akila jodari au kibua akaiva uso, jiulize kwanza kama samaki alilala bila barafu. Samaki hao wakikaa na joto wanatengeneza histamini, inawasha hata asiye na mzio, na kupika hakuiondoi.

Chekechea sasa. Usimalizane na mwalimu mkuu peke yake. Nenda na kopi yako mpaka kwa anayepika uji, ndiye mwenye unga. Nakushauri abebe chakula chake, kikombe chake na kijiko chake, hata kama utaonekana mwenye madaha. Watoto wabadilishane vitu vingine, si vitafunwa. Wakishakula wanawe mikono kwa maji na sabuni. Sanitaiza inaua vijidudu lakini protini ya karanga inaisambaza tu mkononi. Harufu ya karanga zinazokaangwa nje ya geti kwa kawaida haimdhuru, msimfungie ndani kwa hilo. Hatari iko kwenye mkono uliomenya karanga kisha ukagusa andazi lake. Ndiyo maana kwenye sinia ya futari au ya msibani mpakulie wa kwanza kabisa, kabla mikono haijaingia. Na yeye mwenyewe, kwa miaka minne, anaweza kujifunza sentensi moja: "Mpaka nimuulize mama." Mfanyieni mchezo nyumbani, baba awe muuza kashata, bibi awe rafiki anayebembeleza. Watoto wanaupenda sana wakigundua wanaruhusiwa kumkatalia mtu mzima.

Nimemwacha wa miezi mitano mwisho kwa sababu kwake jibu linapinduka. Zamani tungesema mnyime mpaka akue. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza uliofuatilia watoto wachanga 640 wenye hatari kubwa ya mzio ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema, wakaendelea nayo, walipata mzio kwa takriban asilimia 80 pungufu ya walionyimwa. Kwa hiyo usimnyime. Umalize miezi sita ya maziwa ya mama pekee, umwone daktari kwanza kwa kuwa dada yake ana mzio, na kama ana pumu ya ngozi kali apimwe kabla hajaonja. Akiruhusiwa, ni siagi ya karanga laini isiyo na vipande, nusu kijiko cha chai, imeyeyushwa kwa maji ya moto na kupozwa, asubuhi akiwa mzima, umtazame saa mbili. Ikienda vizuri, aendelee kuipata kila wiki mara kadhaa. Karanga nzima asipewe mpaka afike miaka mitano, itamkaba.

Najua unachowaza: nirudishe karanga nyumbani aliko huyu mkubwa? Hapo ndipo kuna kazi. Mlishe mdogo dada yake akiwa shule, nje barazani, kwa kijiko na kikombe cha rangi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani anayo. Chupa ya siagi ikae juu ya kabati, ndani ya kopo lenye mfuniko. Ukimaliza, uso na mikono ya mtoto kwa sabuni, yako pia, gauni lako libadilishe kama amekutemea. Halafu ndipo ukampokee mkubwa getini.